Halmashauri za Katavi zina deni kwa walezi wa yatima

Tanzania Bara haina ruzuku ya kitaifa inayolipwa kwa mtu kwa sababu amemchukua mtoto aliyefiwa na wazazi akaanza kumlea. Mlezi huyo anaweza kupata fedha za Mfuko wa Maendeleo ya Jamii (TASAF), iwapo kaya yake ilishaorodheshwa kuwa maskini. Anaweza kukopeshwa na halmashauri, iwapo yumo kwenye kikundi na ana uwezo wa kurejesha. Kwa kazi yenyewe ya kulea, hakuna fungu. Gazeti hili linaona huo ni utelekezaji, na linasema hivyo likiitazama Mpanda na Mkoa wa Katavi, ambako kisingizio cha Serikali hakina pa kusimama.

Kisingizio chenyewe hakitamkwi hadharani, ila kimo ndani ya kila bajeti: ukoo upo. Mtoto akifiwa, yupo shangazi, yupo mjomba, yupo mama mdogo, na wote wakishindwa yupo bibi. Kwa nini Serikali itie mkono mahali ambapo damu inatosha? Wahenga walishasema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na wanaopanga bajeti wamekuwa wakiubeba mzigo huu kwa wepesi huo huo.

Sasa tuitazame Katavi. Mkoa huu ulimegwa kutoka Rukwa mwaka 2012, na sensa ya mwaka huo ikahesabu watu 564,604. Sensa ya 2022 ilikuta 1,152,958. Hakuna mkoa mwingine nchini uliokua kwa kasi hiyo, na hakuna mkoa unaoongezeka mara mbili katika miaka 10 kwa kuzaana peke yake. Ni wafugaji walioshuka na ng'ombe wao kutoka Usukumani, wakulima waliofuata mpunga na tumbaku, na vijana waliofuata dhahabu kwenye machimbo madogo yanayoizunguka Mpanda. Baba akifukiwa na kifusi na mama akifia kwenye uzazi, shangazi wa mtoto yuko Shinyanga au Kasulu, na pengine hana hata namba ya simu ya kupewa habari. Anayemchukua mtoto ni jirani. Ni mama mwenye nyumba, au mwanamke aliyekuwa akipanga dagaa sokoni pamoja na marehemu. Hana undugu naye. Ana godoro moja la ziada na moyo usiokubali mtoto alale nje.

Yapo pia makazi ya Katumba na Mishamo, yaliyofunguliwa kwa ajili ya watu waliokimbia mauaji ya Burundi ya 1972. Wakazi wengi walipewa uraia wa Tanzania miongo kadhaa baadaye. Kuwaambia watu ambao koo zao zilivunjwa kwa panga na risasi kwamba ukoo utawalelea wajukuu ni kutokujua historia ya mkoa, au ni kuijua na kuipuuza.

Sheria inasemaje? Sheria ya Mtoto ya 2009 haimsahau mlezi hata kidogo, ila inamkumbuka upande wa wajibu. Kifungu cha 8 kinamtaka mzazi, mlezi, au yeyote anayekaa na mtoto ampe chakula, malazi, mavazi, matibabu na elimu. Kifungu cha 14 kinaweka adhabu kwa anayekiuka: faini isiyozidi shilingi milioni 5, au kifungo kisichozidi miezi 6, au vyote viwili. Kwa maneno mengine, mama wa Nsemulwa aliyejitwisha watoto watatu wa jirani yake anaweza kushitakiwa kwa kushindwa kuwanunulia dawa. Kama asingewapokea, hakuna ambaye angemuuliza.

Kwa halmashauri sheria hiyo hiyo ni laini. Kifungu cha 94 kinazitaka mamlaka za serikali za mitaa zilinde ustawi wa mtoto, zitunze rejista ya watoto walio katika mazingira hatarishi zaidi, na ziwasaidie kila inapowezekana. Mlezi hakupewa nafasi hiyo ya kuwezekana au kutowezekana. Faini ni yake, na udhuru ni wa halmashauri.

Tuje kwenye TASAF, ambayo ndiyo jibu la haraka la kila kiongozi akiulizwa. Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini umewasaidia Watanzania wengi, na hatutaki kuubeza. Lakini haukuundwa kwa ajili ya yatima, na ukiutazama kwa jicho la mlezi unaonekana kana kwamba uliundwa ili kumkwepa. Katika kipindi cha kwanza cha mpango huo, ruzuku ya msingi ilikuwa shilingi 10,000 kwa mwezi. Kaya yenye mtoto iliongezewa 4,000. Mwanafunzi wa shule ya msingi alihesabiwa shilingi 2,000, lakini walihesabiwa wanne tu, na kaya yoyote ile haikuvuka 38,000 kwa mwezi. Viwango vilirekebishwa katika kipindi cha pili kilichozinduliwa Februari 2020, ila kinachohesabiwa kimebaki kaya. Mwenye wanafunzi wanne wa msingi aliowazaa mwenyewe akiongeza wawili wa marehemu dada yake, kwa hesabu ile hao wawili hawakuwa watu. Midomo, sare na madaftari viliongezeka, na fedha zikabaki vilevile.

Tena kaya haiandikishwi siku ya msiba. Utambuzi wa walengwa hufanywa kwa awamu, kwa mkutano wa hadhara na dodoso, na kati ya awamu na awamu hupita miaka. Fundi cherehani wa Makanyagio ambaye siku ya utambuzi alionekana ana nafuu hakuingizwa kwenye orodha. Akiletewa yatima wanne baadaye, nafuu ile inaisha ndani ya mwezi, na orodha ilishafungwa.

Bima nayo ilikuwa na ukuta wake. Mfuko wa Afya ya Jamii (CHF) ulioboreshwa ulitoza shilingi 30,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu 6. Wa saba ni nani? Kwa kawaida ni yule aliyekuja mwisho, naye ndiye mara nyingi aliyefika akiwa mgonjwa.

Kinachotukera zaidi ni kwamba Serikali inajua kumtambua yatima inapotaka. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu humtambua, humtaka alete vyeti vya vifo vya wazazi vilivyohakikiwa na RITA, kisha humpa kipaumbele. Vema, lakini hapo kijana ameshafika chuo kikuu. Nani alimlisha tangu akiwa na miaka 2? Mifuko ya hifadhi ya jamii nayo humtambua, kama marehemu alikuwa mwanachama. Mtoto wa mwalimu aliyefariki ana mafao ya warithi. Mtoto wa mchimbaji mdogo ana mwenyekiti wa kitongoji tu. Na mtoto akipelekwa kwenye Makao ya Taifa ya Watoto ya Kurasini au Kikombo, chakula chake, mlezi wake na kitanda chake vinahudumiwa na Serikali, huku sera ya Serikali hiyo hiyo ikisema makao yawe njia ya mwisho na familia iwe ya kwanza. Njia ya mwisho ina bajeti, ya kwanza haina.

Kwa miaka mingi pengo hili lilizibwa na wafadhili. Pamoja Tuwalee, kisha Kizazi Kipya, ilikuwa miradi iliyolipiwa na Marekani, iliyowafikia watoto na walezi wao katika halmashauri nyingi nchini. Mapema mwaka 2025 Washington ilisimamisha misaada yake ya nje, na katikati ya mwaka shirika lake la misaada, USAID, likafungwa kabisa. Hatumlaumu Mmarekani kwa hilo. Aibu ni ya taifa lililozoea kuona mayatima wake wakihesabiwa katika taarifa za mradi wa mtu mwingine.

Kuna atakayesema nchi maskini haiwezi. Kenya ilianza kuwalipa walezi wa yatima mwaka 2004, kwa majaribio ya familia mia chache, zikiwamo za Kwale, kisha ikapanua hadi mamia ya maelfu ya kaya kwa shilingi 2,000 za Kenya kwa mwezi. Malipo hayo huchelewa, na Wakenya hulalamika kila mara. Lakini wanalalamikia kitu kilichopo. Zanzibar ilianza Aprili 2016 kumlipa kila mkazi wake aliyefikisha miaka 70 pensheni jamii ya shilingi 20,000 kwa mwezi, kwa fedha zake yenyewe, na baadaye ikapandisha hadi 50,000. Si ruzuku ya yatima, lakini wanaoachiwa wajukuu mara nyingi ni wazee, na shilingi ya bibi huishia kwenye kiatu cha mjukuu. Hilo lilishaonekana Muleba, ambako shirika la Kwa Wazee lilianza mwanzoni mwa miaka ya 2000 kuwalipa wazee posho, na nyongeza kwa kila mjukuu wanayemlea. Bibi wa Makunduchi ana pensheni. Bibi wa Mishamo, raia wa Jamhuri hiyo hiyo, hana.

Na Katavi si mkoa usio na fedha. Vijiji vinane vya Wilaya ya Tanganyika vinavyohifadhi msitu katika milima ya Ntakata vimepokea mabilioni ya shilingi ya biashara ya hewa ukaa. Vimejenga madarasa na zahanati, na vimewalipia wananchi bima ya afya. Huo ni uamuzi wa mikutano ya vijiji, watu waliokaa chini ya mwembe na kukubaliana nani asaidiwe kwanza. Kama kijiji kinaweza, manispaa inashindwaje? Halmashauri zote zinatakiwa na sheria kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo ya vikundi: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023 kwa sababu ya ubadhirifu na marejesho mabovu, ikarudishwa mwaka uliofuata. Tunauliza: halmashauri yenye ujasiri wa kukopesha tena baada ya hasara ile inakosaje ujasiri wa kutenga asilimia 1 kwa mlezi asiyetakiwa kurejesha chochote ila mtoto aliyekua?

Hoja ya udanganyifu tunaijua. TASAF yenyewe ililazimika kufuta makumi ya maelfu ya kaya zisizostahili, maarufu kama kaya hewa. Lakini yatima ni vigumu kughushi kuliko umaskini. Umaskini hupimwa kwa maswali, na mtu anaweza kuficha mbuzi. Msiba haufichiki, kitongoji kizima kilikaa matangani, kilichanga, kilizika, na kinajua mtoto aliondoka pale ameshikwa mkono na nani. Mwenyekiti wa kitongoji, mtendaji wa kijiji na kamati ya ulinzi wa wanawake na watoto wakitia saini, inatosha kuanza malipo. Cheti cha kifo kifuate baadaye, na gharama yake isiwe ya mlezi. Afrika Kusini iliwapitisha walezi mahakamani kwanza kabla ya kuwalipa. Maombi yakarundikana kwa miaka hadi mahakama ikawa inaongeza muda wa amri za malezi kwa wingi ili malipo yasikatike. Ilipofika 2022 nchi hiyo ikaanza kuwapa nyongeza ya ruzuku ndugu wanaolea yatima bila kuwasukuma kwenye foleni ile. Tusianzie walikokwama wenzetu.

Wapo pia wanaodai kwamba kulipa kutaua utu, kwamba watu watalea kwa tamaa ya fedha. Wanaosema hivyo kwa kawaida hulipwa posho ya kikao. Utu wa Katavi haujapungua. Kilichopungua ni unga. Na mlezi aliyeelemewa hukabiliwa na vishawishi. Utafiti wa afya na demografia wa 2015-16 uliikuta Katavi ikiongoza nchi kwa mimba za utotoni: wasichana 45 katika kila 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 19 walikuwa wameshazaa au walikuwa wajawazito, wakati wastani wa taifa ulikuwa 27. Sheria ya Ndoa ya 1971 ilimpa mlezi mamlaka ya kuridhia ndoa ya msichana wa miaka 15 aliyefiwa na wazazi wote wawili. Mahakama ya Rufani iliamua mwaka 2019 kwamba vifungu hivyo ni kinyume cha Katiba. Mbele ya mlezi ambaye hana kitu huja mtu mwenye ng'ombe wa mahari. Kumhukumu mlezi huyo bila kuuliza Serikali ilimwacha na nini ni uonevu.

Kwa hiyo tunasema hivi. Manispaa ya Mpanda, Nsimbo, Mlele, Mpimbwe na Tanganyika kila moja iweke katika makisio yake fungu la walezi wa yatima, kutoka mapato ya ndani, linalolipwa kwa kila mtoto na si kwa kaya, kila mwezi, kwa simu, kwa ndugu na kwa jirani asiye ndugu. Maafisa ustawi wa jamii wapewe usafiri wa kufika Karema na Mwese, kwa sababu rejista ya watoto haijazwi na mtu aliyeketi ofisini Mpanda mjini. TASAF ifungue mlango wa dharura: kaya inayopokea yatima iweze kuandikishwa mwezi huo huo, bila kungoja awamu. Bunge nalo lirudi kwenye kifungu cha 94 na kukifanya kiwe wajibu kamili, chenye kiwango na chanzo cha fedha. Likishindwa, basi angalau liifute faini ya milioni 5 kwa mlezi ambaye Serikali haikumpa hata kilo moja ya unga.

Mwaka wa fedha huanza Julai 1, na madiwani hupitisha makisio miezi kadhaa kabla. Tutayasoma makisio ya halmashauri zote tano, kifungu kwa kifungu. Diwani atakayenyoosha mkono kupitisha bajeti isiyo na fungu hilo, jina lake na kata yake tutavichapa katika ukurasa huu.