Jukwaa Liwe na Bei Yake

Fundi anayeteleza akiwa mita 5 juu ya ardhi hufika chini kwa takriban sekunde moja, na kasi yake anapogusa ardhi ni kilomita 36 kwa saa. Akiwa mita 10, kasi hiyo inafika kilomita 50 kwa saa, ile ile ambayo sheria ya barabarani Tanzania imeiweka kuwa kikomo cha magari katika maeneo ya makazi. Ndani ya sekunde hiyo uzoefu wa miaka 20 haumsaidii, wala nguvu za mikono. Chochote kitakachomwokoa lazima kiwe kimefungwa mahali pake kabla hajapanda.

Katika saiti nyingi za nyumba za watu binafsi nchini, hakuna kilichofungwa. Mirunda miwili imesimikwa kwenye udongo, mti mmoja umekatishwa kati kwa misumari, ubao mmoja umelazwa juu yake. Ukuta ukishapita kichwa, mapipa mawili yanaongezwa ili kupata urefu. Fundi anasimama hapo na mwiko mkononi, saidia fundi anamrushia tofali kutoka chini, naye analidaka kwa kuinama mbele. Karai la zege likipanda, anageuka kulipokea. Nyuma ya mgongo wake hakuna hata kamba.

Mafundi hawapandi hivyo kwa sababu hawaijui hatari. Wanaijua kuliko mtu yeyote, maana wengi wamewahi kumbeba mwenzao kumpeleka hospitali. Sababu imejificha kwenye karatasi ya makadirio. Karatasi hiyo ina tofali, mifuko ya saruji, malori ya mchanga na kokoto, nondo, mbao za kenchi, bati, misumari, na mwishoni pesa ya ufundi. Jukwaa halimo. Kwa kuwa halikuhesabiwa, linaundwa kwa masalia: mbao zilizovuliwa kwenye zege zikiwa na matobo ya misumari, mirunda iliyolala nje misimu miwili ikiliwa na mchwa. Fundi anayethubutu kuandika gharama ya jukwaa anaonekana ghali, na kazi inachukuliwa na yule ambaye hakuiandika. Soko linamlipa anayecheza kamari na maisha yake, kisha linamwadhibu mwenye tahadhari.

Ndiyo maana wito wa kulipia jukwaa unawaelekea wananchi wote. Sehemu kubwa ya nyumba za Tanzania hujengwa na wenyewe kidogo kidogo, msingi mwaka huu, boma mwaka ujao, paa siku pesa itakapopatikana. Mwajiri wa fundi ni mwalimu, muuguzi, mfanyabiashara wa sokoni, mstaafu, au kijana aliyeko ughaibuni anayemtumia kaka yake pesa kwa simu. Mwenye uwezo wa kubadili karatasi ile ya makadirio ni huyo.

Majengo yanapoporomoka, taifa huamka. Machi 29, 2013, siku ya Ijumaa Kuu, jengo la ghorofa 16 lililokuwa linajengwa katika Mtaa wa Indira Gandhi, Dar es Salaam, lilianguka na kuua watu 36. Novemba 16, 2024, ghorofa lilianguka Kariakoo, na nchi nzima ilifuatilia uokoaji kwa siku kadhaa huku ukaguzi wa majengo ukiamriwa. Anguko la mtu mmoja kutoka kwenye ubao halina kamera. Linaishia kwenye wodi ya majeruhi, au kwenye tanga la siku tatu ambako husemwa siku yake ilikuwa imefika. Maneno hayo yana kazi yake kwa wafiwa, na hakuna wa kuwanyang'anya. Baada ya tanga, hata hivyo, swali la kiufundi linabaki pale pale: palikuwa na kizuizi ukingoni mwa jukwaa, au hapakuwa?

Gharama ya kizuizi si fumbo. Daraja la Golden Gate lilipoanza kujengwa San Francisco mwaka 1933, wajenzi wa Marekani walizoea kukadiria kifo kimoja kwa kila dola milioni moja ya mradi. Daraja lile lilikuwa la dola milioni 35. Mhandisi mkuu, Joseph Strauss, aliamua kutandaza wavu chini ya eneo la kazi, kwa gharama iliyozidi kidogo dola 130,000. Hiyo ni chini ya nusu ya asilimia moja ya bei ya daraja, na wavu huo uliwadaka wanaume 19 waliokuwa wakianguka. Mradi ulikaribia mwisho ukiwa na kifo kimoja tu, hadi Februari 17, 1937, jukwaa la kazi lilipochomoka, likauchana wavu na kuua watu 10 kwa mara moja. Habari hiyo ina pande mbili, na zote zinawahusu wajenzi wa leo: kinga iliyopangiwa bajeti huokoa watu, na jukwaa lenyewe likiwa bovu hakuna wavu wa kulisitiri.

Haraka nayo ina sura yake. Aprili 27, 1978, huko Willow Island, jimbo la West Virginia, wafanyakazi 51 walikufa baada ya jukwaa lililoning'inia kwenye mnara wa kupozea maji kuporomoka kutoka kimo cha mita 50 hivi. Jukwaa lilikuwa limeshikizwa kwenye zege lililomwagwa siku moja kabla. Wachunguzi walikuta kwamba zege hilo lilikuwa halijapata nguvu ya kubeba mzigo ule. Fundi yeyote wa Mbagala au Kisesa anaijua hali hiyo: mwenye nyumba anapiga simu akiuliza kwa nini ukuta haujapanda, na mirunda inaegemezwa kwenye lenta ya jana.

Jukwaa linaloaminika halihitaji teknolojia ngeni. Miguu yake hukaa juu ya bati nene au kipande cha mbao ngumu, isizame mvua ikinyesha, na kamwe haiwekwi juu ya tofali lililovunjika. Nguzo husimama wima, zikikazwa kwa miti ya mshazari, na jukwaa lote hufungwa kwenye ukuta imara ili lisiyumbe kwenda nje. Mbao hupangwa zikigusana upana wote, bila pengo la mguu kupenya, na ncha zake hushikizwa zisibinuke. Ukingoni huwa na reli ya juu inayofika kiunoni, karibu mita moja, reli nyingine katikati, na ubao wa chini wa sentimita 15 hivi unaozuia nyundo na tofali visimwangukie aliye chini. Kupanda ni kwa ngazi, iliyotegwa kwa kipimo rahisi: kila mita 4 za kwenda juu, mguu wa ngazi unatoka mita 1 mbali na ukuta. Uingereza, jukwaa ambalo mtu anaweza kuanguka kutoka mita 2 au zaidi hukaguliwa kila baada ya siku 7, na tena baada ya hali mbaya ya hewa. Utaratibu huo unahitaji macho, daftari na dakika chache za asubuhi.

Kofia ngumu ni ya lazima, ila haimzuii mtu kuanguka. Mkanda wa usalama nao ni kinga ya mwisho, pale reli isipowezekana, kama juu ya kenchi wakati wa kupaua. Hauna maana ukifungwa kwenye mrunda ule ule utakaoanguka na mvaaji wake. Unatakiwa kushikizwa mahali palipo imara, na wenzake wajue watakavyomshusha upesi, kwa sababu kuning'inia kwa muda mrefu kwenye mkanda huzuia damu kurudi moyoni na kunaweza kuua.

Sheria hazikosekani. Bodi ya Usajili wa Makandarasi ilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1997. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, Na. 5 ya mwaka 2003, inasimamiwa na Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi, OSHA. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ulianza kazi Julai 2015. Kimataifa, Mkataba Na. 167 wa Shirika la Kazi Duniani, ILO, wa mwaka 1988 unataka nchi zimpe mjenzi haki ya kuondoka penye hatari kubwa iliyo karibu, na Juni 2022 mazingira salama ya kazi yaliingizwa katika haki za msingi za wafanyakazi duniani. Nguvu ya yote hayo huonekana zaidi kwenye saiti zenye bango, mkandarasi na mhandisi. Kibarua anayelipwa mkononi jioni, bila jina lake kuandikwa popote, huumia nje ya daftari, na mzigo wa matibabu unabaki kwa mkewe na ndugu zake. Pengo hilo linazibwa na raia wenyewe.

Mwenye nyumba aanze kwa kudai mstari wa jukwaa kwenye makadirio, na aulipie. Akipewa bei tatu, aulize kila fundi atasimama juu ya nini, na asimpe kazi yule ambaye bei yake imepungua kwa kuruka jibu hilo. Anayejenga akiwa mbali aombe picha ya jukwaa kabla ya kutuma pesa ya hatua inayofuata, kama anavyoomba picha ya nondo.

Mafundi wakubaliane. Mmoja akikataa kupanda ubao mbovu ataitwa mwoga na nafasi yake itachukuliwa kesho. Wote wa mtaa wakikataa, bei ya mtaa inabadilika. TAMICO, chama cha wafanyakazi wa migodi, nishati na ujenzi, na vyuo vya VETA vina mahali pa kuanzia: viwafuate mafundi hawa saitini, maana siku ya kwenda darasani ni siku ya kukosa posho.

Vyuma vya jukwaa ni ghali kwa fundi mmoja, lakini si kwa kikundi. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba ya vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Vijana mafundi wa kata moja wanaweza kukopa, wakanunua fremu za chuma na mbao nzuri, wakazikodisha kutoka saiti moja hadi nyingine. Hapo usalama unakuwa kazi inayoingiza kipato, na hoja kwamba jukwaa halipatikani inakosa pa kusimama.

Kamati za ujenzi za misikiti, makanisa na shule zitangulie, kwa kuwa huko pesa ni za wengi na uamuzi hufanywa kikaoni. Darasa linalojengwa kwa nguvu za wananchi lina wahasibu wake wa kujitolea. Waandike jukwaa katika ukurasa wa kwanza wa bajeti, na washitiri wengine wa mtaa waone mfano. Mwenyekiti wa serikali ya mtaa, ambaye hujua kila boma linalopanda, aweke suala hili kwenye ajenda ya mkutano wa wakazi, na jirani anayeona mtu ana kwa ana na hatari asione haya kumwita mwenye saiti.

Aprili 28 ni Siku ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi Duniani, na Tanzania huiadhimisha kila mwaka. Huangukia katikati ya masika, udongo ukiwa umelainika chini ya mirunda na watu wakikimbizana na mvua kupaua. Kila mtaa unaweza kujiwekea lengo la kufikia siku hiyo ukiwa na seti moja ya jukwaa la kukodisha, orodha ya mafundi waliokubaliana kutopanda bila reli, na mtu mmoja aliyepewa kazi ya kuzungukia saiti asubuhi akiwa na daftari.