Mafunzo ya Zimamoto Yatoke Nje ya Geti

Kila moto unapoteketeza nyumba au kibanda hapa Kampala, lawama ya kwanza huwa ileile: gari la zimamoto limechelewa. Lawama hiyo ina haki yake, lakini imetuziba macho. Dereva awe hodari kiasi gani, gari lake haliwezi kupenya vichochoro vinavyoteremka kutoka Kibuli kuelekea Namuwongo, ambako bodaboda mbili zikikutana sharti moja isubiri. Dakika za mwanzo ni za jirani, na jirani hajafundishwa kitu.

Nchini Uganda zimamoto ni kurugenzi ya Polisi. Sisi wa Kibuli tunaishi ubavuni mwa chuo cha mafunzo ya polisi, hivyo hatuwezi kusema kwamba elimu ya uokoaji iko mbali nasi. Ninachodai ni kwamba elimu hiyo ifunguliwe kwa raia wa kujitolea, bila ada, mtaa kwa mtaa. Kwa sasa anayeipata kwa urahisi ni mfanyakazi wa hoteli, benki au kiwanda, maana mwajiri wake amelipa. Mama muuza chapati anayewasha sigiri mlangoni, juu yake ukining'inia waya uliounganishwa na kamyufu, si mteja wa mtu yeyote.

Wapo watakaosema kwamba raia asiye na sare akiingia motoni ataongeza idadi ya maiti. Hoja hiyo ni nzito, ila inapima kinyume. Tukumbuke Namungoona. Tarehe 29 Juni 2013 lori la mafuta lilipata ajali, waendesha bodaboda wakakimbilia kuchota petroli, moto ukalipuka na watu zaidi ya 30 wakafa. Tuliwaita walafi, mjadala ukaishia hapo. Nani aliwahi kuwaambia kwamba mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, kwamba hutambaa chini mpaka ukutane na injini yenye joto au kipande cha sigara? Raia hufika kwanza tutake tusitake. Kozi ya maana huanza kwa kumfundisha asiingie wapi: asifungue mlango uliopata moto, asimwagie maji mafuta yanayowaka, azime swichi kuu kabla ya kugusa ndoo, awahesabu waliotoka.

Hilo la kuhesabu na la kujua ufunguo uko kwa nani linatuhusu wanafunzi moja kwa moja. Bweni la Budo Junior liliungua usiku wa Aprili 2008, wakafa wasichana 19. Oktoba 2022 watu 11 wakafa katika shule ya wasioona ya Salama, Mukono. Baada ya kila msiba tunasikia habari za uchunguzi. Ni mabweni mangapi ambayo wanafunzi wake wamewahi kufanya zoezi la kutoka gizani? Muulize aliyekaa karibu nawe darasani.

Tena hatuombi jambo lisilojaribiwa. Hapahapa Kampala, watafiti waliwafundisha huduma ya kwanza polisi, madereva wa teksi na viongozi wa mitaa wapatao 300, kwa kozi ya siku moja. Matokeo yalichapishwa mwaka 2009: miezi sita baadaye, karibu wote waliofuatiliwa walikuwa wameutumia ujuzi wao, hasa kuzuia damu. Siku moja tu! Na anayedhani kujitolea ni mchezo wa watoto aitazame Chile, ambako wazimamoto wamekuwa watu wa kujitolea tangu kikosi cha Valparaíso kilipoundwa mwaka 1851.

Limebaki suala la lugha, na hapa nawageukia wahadhiri wetu. Kozi ikiletwa kwa Kiingereza, mtaani itawapita wengi. Kwa Luganda peke yake, itawaacha wakimbizi wa Kongo waliopanga Nsambya na Katwe. Kiswahili kimekuwa lugha ya askari wa nchi hii tangu ukoloni, kwa hiyo mkufunzi wa polisi hatakuwa mgeni nacho. Kila mwaka wanafunzi wa tafsiri huhangaika kutafuta matini ya mradi wao. Wapewe mwongozo wa zimamoto na huduma ya kwanza, waufasiri kwa Kiswahili cha watu, kisha waende wakausome kwa sauti mbele ya wanabodaboda wa stendi ya Kibuli, na kila sentensi isiyoeleweka pale irudi mezani.