Windows 10 Ilishaachwa, Lakini Msee Asiyeona Ndo Ameshikwa Pabaya

Lapi yako ikidai updeti unalia tu na bando. Msee asiyeona anaogopa kitu ingine: kimya. Yeye husoma skrini kwa masikio, NVDA ama JAWS ikimtajia kila kitu. Windows mpya ikiwaka bila hiyo sauti, amebaki na sanduku tu.

Microsoft ilimaliza sapoti ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 nayo inataka TPM 2.0, na ile ex-UK yako ya i5 Gen 6 haiko kwa listi. Kununua ingine ni doo. NVDA ni ya bure, hapo afadhali, lakini JAWS ni pesa ndefu. Na Katiba, kifungu cha 54, inawapa haki ya vifaa vya kuwasaidia! Uliza watu wa kompyuta kwa ofisi yenu kama hukumbuka hilo siku ya kubadilisha mashine.

Una beshte kama huyo? Usiguse lapi yake bila kumwambia. Sauti ikipotea, bonyeza Ctrl, kitufe cha Windows na Enter pamoja: Narrator, msomaji wa Windows yenyewe, ataanza kuongea. Kutoka hapo atajipanga mwenyewe, na NVDA kwa kawaida huwashwa na Ctrl, Alt na N.