Mzee kapona? Hebu muulize mwenyewe!

Baridi ya Sumbawanga unaijua, asubuhi hapa Majengo hata jogoo anawika huku akitetemeka. Jumapili nikavaa koti langu nikaenda kumjulia hali mzee mmoja jirani yetu. Miezi kadhaa nyuma alipigwa kiharusi, mkono na mguu wa kulia vikalegea. Si unajua uswahilini, kabla hajafika hospitali watu walishamtaja aliyemroga!

Na ninyi wa Dar mnaotutania eti kwetu ni kwa wachawi, tulieni kidogo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2008 ulilinganisha Dar na Hai, kule Kilimanjaro. Ni Dar ndiko kiharusi kilikohusishwa zaidi na mashetani na uchawi. Wa Hai walitaja presha, mafuta na mawazo. Haya, nani mshamba?

Turudi kwa mzee. Kijana wake, mshikaji wangu, alinipokea kwa bashasha. "Mzee kapona, kaka! Anatembea, anakula mwenyewe, chooni anakwenda mwenyewe." Mzee kimya, anaangalia ukuta.

Nikamwamkia, nikakaa, nikamuuliza, "Mzee, maisha unayaonaje?"

Machozi yakamlenga. "Mwanangu, toka niugue hakuna anayeniuliza kitu. Mahari ya binti yangu wameipanga nikiwa chumba cha pili, nawasikia."

Mshikaji akainama chini. Mimi mwenyewe nilikosa la kusema.

Kumbe hata wataalamu wanaliona hilo. Kuna kipimo kiitwacho cha Barthel, cha tangu mwaka 1965, kinaangalia mambo 10 kama kula, kuoga, kuvaa na kupanda ngazi. Alama ni 0 hadi 100. Kwa hicho mzee wetu angefaulu vizuri tu. Lakini Shirika la Afya Duniani lina kingine cha maswali 26, na hapo anayejibu ni mgonjwa mwenyewe: usingizi, maumivu, furaha, marafiki, fedha, makazi. Anaulizwa kuhusu wiki 2 zilizopita, anachagua 1 hadi 5.

Huko huko Hai watafiti waliwapima watu waliopata kiharusi wakiwa wanaishi majumbani kwao, matokeo yakatoka mwaka 2011. Nguvu za mwili zilikuwa na uzito wake, ndiyo. Lakini wasiwasi na huzuni navyo vilikuwemo, na kushiriki shughuli za watu pia.

Kwa hiyo wewe mwenye baba, mama au shangazi aliyepooza, kliniki asikose, dawa za presha asiache, mazoezi yaendelee. Ila usihesabu hatua zake tu. Muulize amelalaje, nani kamtembelea, nini kimemfurahisha wiki hii. Na kikao cha familia kikikaa, kiti chake kiwepo.

Mshikaji alielewa. Juzi nimepita jioni nikakuta ubao wa drafti uko nje, vijana wamejaa, mzee anasukuma vizibo vya soda kwa mkono ule ule wa kulia. Anasukuma polepole, lakini kanifunga mara mbili! Na suala la mahari limeanza upya, safari hii yeye ndiye msemaji.

Haya, tukutane wiki ijayo, Mungu akipenda.