Bastola nazo zisahihishwe



Natoa maoni yangu juu ya bastola za bei nafuu za kampuni ya Taurus ya Brazil. Wapo wanaodai kuwa siku hizi ni imara. Mwaka 2015 kampuni hiyo, huku ikikana kosa, ilikubali kumaliza kesi huko Marekani juu ya bastola zipatazo 1,000,000 zilizodaiwa kufyatuka zikianguka. Mwaka 2023 ikaonya juu ya hatari ile ile katika baadhi ya bastola zake mpya aina ya GX4.

Tume ya Marekani ya usalama wa bidhaa haina mamlaka juu ya bunduki. Mimi mwalimu simwachii mwanafunzi asahihishe mtihani wake mwenyewe. Kwa nini mtengeneza bastola aachiwe?

Mwalimu wa Shule ya Msingi