Kabla ya Kile Kinanda: Europe Walishamaliza Kazi Mwaka 1984

Wadau, leo najua mtanitukana ila acha niseme. Ukitaja bendi ya Europe, watu wanawahi kuigiza kile kinanda cha "The Final Countdown". Hata dogo asiyejua kama jamaa ni Waswidi anakijua, maana hakikosekani viwanjani wala ulingoni. Poa. Ila kwangu mimi albamu yao kali sio ile ya 1986. Ni Wings of Tomorrow, iliyotoka 1984.

Hapo washkaji bado wana njaa. Wametoka Upplands Väsby, nje kidogo ya Stockholm, na dili la kurekodi walilipata kwa kushinda shindano la bendi mwaka 1982. Albamu ya kwanza 1983, ya pili ndo hii.

Sikiliza "Scream of Anger" halafu uniambie kama ni bendi ileile. Mpiga solo John Norum hajafikisha hata miaka 20 wakati wanarekodi, lakini gitaa linakimbia kama limeibiwa! Baadaye hadi Arch Enemy, ambao ni watu wa muziki mzito wa kuunguruma, waliurudia wimbo huo. Halafu kuna "Aphasia", hauna hata neno moja la kuimba, dogo kaachiwa uwanja. Kinanda kipo, mwimbaji Joey Tempest alikipiga mwenyewe, ila kimekaa nyuma kwa adabu zake.

1986 mambo yakageuka. Kinanda mbele, nywele juu (zile nywele jamani!), wimbo namba moja Uingereza na nchi kibao. Na mwaka huohuo, bendi ikiwa ya moto kuliko wakati wowote, Norum akabeba gitaa lake akasepa. Hakupenda vinanda vilivyozidi, wala hakupenda kugeuzwa sura ya kuuza mabango.

Wengi wanamuona fala. Hela imefika mlangoni, we unatoka? Mi simlaumu. Ukisikiliza Wings of Tomorrow unaelewa alikuwa anakataa kupoteza nini. Hapo kwenye 1984 yeye ndo injini, miaka miwili baadaye kinanda ndo kimeshika usukani.

Kama unabisha, fanya hivi. "Open Your Heart" ipo humu, na wakairudia 1988 kwenye Out of This World wakiwa na mpiga solo mwingine. Ya pili imeng'arishwa kila kona, haina kosa. Ya kwanza ina mikwaruzo kidogo, ila unamsikia kijana ambaye kweli kaachwa. Mi narudia hiyo ya kwanza kila mara.

Norum alirudi bendi ilipoungana tena miaka ya 2000, na safari hii gitaa likapandishwa juu. Ungekuwa wewe mwaka ule wa 1986, ungebaki au ungesepa? Semeni ukweli, msijifanye.