Tuachieni Korona, Tupeni Mto

Kila ninaposema kwamba Korogwe inahitaji bustani ya umma kando ya Mto Pangani, pale viwanda vya mkonge vilipokufa, najibiwa kwamba bustani ni mambo ya Masaki. Watu wa huku, naambiwa, wanataka ajira na maji. Mimi ni mtoto wa Handeni, na kwenye suala la maji sihitaji kufundishwa. Maji ya HTM, ambayo nyumbani kwetu yamezeesha ndoo nyingi kwenye foleni, yanavutwa kutoka mto huohuo, upande wa Korogwe. Kwa hiyo ukingo wa Pangani si urembo wa mtu. Ni mdomo wa mtungi wetu.

Tuanze na sababu ya viwanda kuwa pale. Mkonge uliletwa na Mjerumani, Richard Hindorf, mwaka 1893. Miche iliyofika hai ilikuwa 62, na kwa hiyo 62 ndiyo nchi nzima ikaja kufungwa kamba. Reli ya Tanga ilifika Korogwe mwaka 1902, mashamba yakaifuata. Lakini reli peke yake haitoshi, kwa sababu korona inakunywa. (Nasema korona mashine, siyo ule ugonjwa, sisi tulikuwa nayo kabla ya dunia.) Korona husaga jani, maji yakaosha nyuzi. Katika kilo 100 za majani unapata kilo 4 hivi za nyuzi. Zilizobaki ni uji wa kijani na maji makali yanayowasha ngozi, na kwa miaka mingi njia rahisi ya kuyaondoa ilikuwa kuyaachia yateremke.

Waliosimama kwenye uji huo tuliwaita manamba, kwa kuwa walihesabiwa kwa namba. Walitoka Songea, Kigoma, Njombe, Burundi, Msumbiji. Mwaka 1944 wenye mashamba waliunda ofisi nzima ya kuwakusanya, SILABU. Kila mmoja alikuwa na kipande, kadi ya siku 30 za kazi. Siku uliyoshindwa kumaliza kata haikuhesabiwa. Mwaka 1964 nchi ilizalisha zaidi ya tani 230,000. Kisha nailoni ikaja, bei ikaanguka, mashamba mengi yakataifishwa mwaka 1967, na kufika mwisho wa miaka ya 1990 tulikuwa tumeshuka hadi karibu tani 20,000. Korona nyingi zikanyamaza. Paa likatoboka, mibuyu ikabaki, na wauza chuma chakavu wakajua njia.

Sasa ndiyo hoja yangu. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Sheria nzuri. Lakini mita 60 zisizo na shughuli, zisizo na njia ya miguu, zisizo na jicho la mtu, hazilindwi na yeyote. Mwaka juzi nilijaribu kuufikia mto kupitia shamba moja nisilolitaja. Mlinzi, kijana mstaarabu, akaniambia, "Shikamoo, kaka, lakini huku hapana ruhusa." Nikamuuliza nani ana ruhusa. Akacheka. Nyuma yake bomba lilikuwa linamwaga kitu cha kijani. Bomba lilikuwa na ruhusa.

Wapo watakaosema tuige Nairobi. Mwaka 2008 waziri John Michuki aliwaondoa mafundi wa gereji na jaa la taka kando ya Mto Nairobi, pakapandwa miti, na mwaka 2020 pakafunguliwa tena kama bustani ya umma. Mto unapumua pale, sibishi. Ila jina lililoandikwa langoni ni la waziri, na waliokuwa wakigonga bati pale hawakuachiwa hata kona. Mombasa nako, René Haller alianza mwaka 1971 kupanda mivinje kwenye machimbo ya saruji ya Bamburi, akaleta majongoo wakageuza majani kuwa udongo. Ni kazi ya ajabu. Lakini ni mali ya kampuni na mlangoni unalipa.

Mimi naitazama Duisburg, Ujerumani. Tanuri la chuma lilizimwa mwaka 1985. Mwaka 1994 eneo likawa bustani, na tanuri lenyewe likaachwa limesimama. Watoto wanalipanda. Tangi la gesi limejazwa maji, wazamiaji wanajifunzia humo. Mto Emscher, uliokuwa mfereji wa maji taka kwa miaka zaidi ya 100, umesafishwa. Wajerumani wale hawakuona aibu kuuonyesha moshi wa babu zao. Sisi ambao babu zetu walikuwa namba tunaona aibu ya nini?

Najua mkonge unafufuliwa, na nafurahi. Pale Hale kulijengwa mtambo wa kugeuza masalia ya mkonge kuwa umeme wa gesi, kwa hiyo asiniambie mtu kwamba uji ule hauna pa kwenda isipokuwa mtoni. Kiwanda kilicho hai kitibu maji yake. Kiwanda kilichokufa kirudishe ukingo. Halmashauri ya Mji ipime hizo mita 60 kwenye eneo moja tu, iweke njia, vivuli, choo, na mahali pa mama kuteka maji bila kuomba ruhusa kwa mlinzi. Mlango uwe bure. Na korona isiuzwe kwa kilo. Ibaki palepale, na ukutani viandikwe vipande, siku 30 kwa 30, pamoja na majina ya watu badala ya namba.

Wazee wanaoyajua majina hayo bado wapo Ngombezi na Magunga, wachache. Waulizwe mwaka huu.